Mzee katuachia bunduki ya leseni, mimi nataka tuikabidhi polisi, kaka hataki. Naombeni mawazo

Mwana_wa_Pamba:

Wakuu habari za jioni. Mnivumilie maelezo ni marefu kidogo mana sijui hata nianzie wapi.

Baba yetu alifariki mwezi wa tatu, arobaini tumeshamaliza, sasa kwenye kugawana vitu ndo tumefika kwenye bunduki. Mzee alikua na shotgun, anaimiliki kihalali kabisa na kitabu chake cha leseni kipo. Aliinunua miaka ya tisini wakati ananunua pamba huku kwetu Bunda, enzi hizo hela za pamba unazibeba mwenyewe kwenye kiroba kutoka mjini mpaka vijijini, hakuna cha kutuma kwa simu, na walikua wanavamiwa kweli njiani, wenzake wawili waliuawa. Kwahiyo simlaumu mzee hata kidogo, alikua na sababu. Ila biashara ilipoanguka ile bunduki ikabaki kwenye kabati la chuma chumbani kwake, miaka zaidi ya 12 sijawahi kuona ikitoka labda siku ya kuipeleka kukaguliwa.

Kaka yetu mkubwa ndo anaishi pale nyumbani na mama na watoto wake wanne, yeye anasema ibaki. Anasema wezi wa ng'ombe wanapita, anasema tembo wanatoka hifadhini wanamaliza mahindi (hili ni kweli, mwaka jana ekari tatu ziliisha usiku mmoja), alafu anasema bunduki ya baba haiuzwi wala haitupwi, ni kitu cha ukoo. Mimi nipo Mwanza, dada yetu yupo Dodoma, sisi wawili tunaona iende polisi. Mama amenyamaza, ukimuuliza anasema "ongeeni wenyewe".

Swali langu, mtu mwenye silaha ya halali, hajaua mtu, hatafutwi, kuna sababu ya kuitoa mwenyewe kwa hiari yake wakati hakuna aliyemlazimisha? Na kama ipo, mnamwambiaje mtu kama kaka akaelewa? Alafu nakiri naogopa hata kuingia kituoni na bunduki mkononi, nahisi nitaanza kuulizwa maswali kama mhalifu.

Lwamgasa_Boy:

Pole na msiba mkuu. Mi nakwambia usilolipenda, msiitoe.

Mimi nanunua dhahabu, nipo huku machimboni Geita. Mwaka 2008 sikua na silaha. Wakaja watu sita usiku, nikapiga simu, difenda imefika baada ya masaa mawili kasoro, wale jamaa wameshaondoka kitambo na mke wangu ameshakatwa panga la mkono, mpaka leo vidole viwili havikunji. Siwalaumu askari, kituo kiko mbali na gari ilikua moja. Lakini niambie mimi niliyekua ndani ya ile nyumba nifanye nini, nisubiri? Nilifuata taratibu zote nikapata leseni 2011, ninayo mpaka kesho na sijawahi kuielekeza kwa binadamu.

Watu wengi wanaosema "salimisheni" wanakaa sehemu ambayo ukipiga simu polisi anafika kabla chai haijapoa. Jambazi yeye hasalimishi. Ukiitoa wewe mwenye kitabu, anabaki na silaha nani? Kaka yako aanze mchakato aombe leseni yake, bunduki ibaki nyumbani, basi.

MamaNeema:

Mwana_wa_Pamba pole sana. Nimesoma nikaona kabati la chuma nikaacha kazi niliyokua nafanya.

Nitaandika mara moja tu mana sipendi kuliongelea. Mjomba wangu alikua na bunduki ya leseni, mtu makini kuliko wote kwenye ukoo wetu, hanywi, hasemi ovyo, funguo ya kabati anatembea nayo shingoni kama msalaba. Mwaka 2009 Jumapili tumetoka kanisani, ameitoa aisafishe, akaitwa nje kuna mgeni, hajakaa dakika tano. Mdogo wangu wa kiume alikua na miaka 11 na wa mjomba 9. Walikua wanacheza tu. Mimi ndo nilikua jikoni nakuna nazi, na ule mlio nilidhani ni gesi imelipuka.

Ile bunduki ilikaa kwenye ile nyumba miaka 14. Kwa miaka 14 haijawahi kukutana na mwizi hata mmoja. Kesi ya mjomba haikuchukua muda mrefu, wazee walikaa, baba yangu alimsamehe, na mjomba mwenyewe ndo aliyeibeba akaipeleka kituoni wiki ileile akiwa analia njia nzima. Sasa ile safari aliyoenda baada ya mazishi, angeenda kabla.

Lwamgasa_Boy:

MamaNeema pole sana dada yangu, kwakweli sina neno la kuongeza hapo. Ila kwa heshima naomba niseme, ule ulikua ni uhifadhi. Mimi yangu haisafishwi kukiwa na mtoto ndani ya uzio. Risasi zinakaa sehemu nyingine kabisa. Tatizo ni mtu sio chuma.

MamaNeema:

Kaka Lwamgasa nakuelewa na nasikitika yaliyompata mkeo. Lakini mjomba nae angekuandikia hayohayo uliyoandika, neno kwa neno, Jumamosi yake. Hakuna mtu anaepanga kuwa mzembe. Wewe una duka la kulinda na ulifunzwa, huyu mwenzetu anazungumzia nyumba ya bibi na wajukuu wanne na bunduki ambayo aliyekua anaijua yuko kaburini.

Muha_wa_Uvinza:

Wakuu mi naongea upande wa zile zisizo na kitabu, naona itasaidia hapo kwenye hofu ya kuingia kituoni.

Kwetu Kigoma magobore yalikua ni kitu cha kawaida, unakuta mzee anaishi kwa kuwinda na kufukuza ngedere na nguruwe shambani, gobore limetengenezwa na mhunzi wa kijiji jirani kwa bomba la maji na mbao ya mninga, baruti unashindilia kwa mdomo wa mtutu. Hakuna anaejiona mhalifu. Ukanda wetu pia vita za majirani zilileta zile nyingine, za kivita, ila hizo watu hawazungumzii mchana.

Sasa 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, kukamata majangili na silaha. Nia ilikua nzuri mana tembo walikua wanaisha kweli. Lakini wadau mnakumbuka kilichotokea, watu waliteswa, wakaumizwa, wengine wakafa, mpaka bunge likapiga kelele ikasimamishwa Novemba mwaka uleule na Desemba mawaziri wanne wakaondoka. Unajua matokeo yake kijijini yalikua nini? Watu walichimba mashimo. Gobore lililokua limeegeshwa nyuma ya mlango kila mtu analiona, likafungwa kwenye nailoni likazikwa chini ya mgomba. Baba mdogo wangu alikua na nia ya kulitoa la kwake kabla ya operesheni. Baada ya kuona jirani amerudishwa nyumbani hawezi kutembea akasema hili nitazikwa nalo.

Alibadilika 2022 serikali ilipotangaza msamaha, Septemba na Oktoba, salimisha huulizwi wala hushtakiwi, na ukiogopa kituo peleka ofisi ya serikali ya kijiji. Tangazo peke yake lisingetosha. Kilichotoa magobore kwetu ni mwenyekiti wa kijiji pamoja na katekista, walitangulia wao kwa watu wawili watatu wanaoheshimika, wale wakapeleka, wakarudi nyumbani wakalala, asubuhi wapo, wiki imeisha wapo. Hapo ndo wengine wakaanza kufukua. Baba mdogo alienda siku ya mwisho mwisho, gobore limeota kutu mtutu umeziba, akaliweka juu ya meza ya mtendaji akasema "nisomeeni mlichoandika". Wakamsomea. Akaweka dole gumba akaondoka. Na mwaka 2023 msamaha ukarudiwa tena miezi hiyohiyo.

Kwahiyo mkuu, hofu yako ya kituoni sio ujinga, ina historia. Lakini wewe una kitabu na jina la mzee. Nenda na mwenyekiti wako wa kitongoji, usiende peke yako.

Kacheliba254:

Wandugu wa Tanzania, mimi niko upande wa Kenya, West Pokot, karibu kabisa na mpaka wa Uganda. Naomba niongeze kitu juu ya hiyo maneno ya "hiari" kwa sababu kwetu hilo neno limeumiza watu.

Ndugu zetu wa Karamoja, Desemba 2001, serikali ya Uganda iliwaambia warudishe bunduki kwa hiari, mtu akirudisha anapewa plau ya ng'ombe, anapewa mabati. Na watu walirudisha! Karibu bunduki elfu kumi zilitoka. Ati watu wa mifugo wanapenda bunduki kama mke, hiyo ni uongo, mtu anapenda ng'ombe zake na watoto wake, bunduki ni ya hao. Waliambiwa jeshi litawalinda. Sasa Machi 2002 jeshi likahamishwa kwenda vita ya Kony, yule kiongozi wa waasi wa LRA. Wale walikuwa wametoa bunduki, hasa Wakaramoja wa kundi la Bokora, wakabaki mikono mitupu na majirani wao bado wako nazo. Walivamiwa mpaka wengine wakabaki bila ng'ombe hata moja, wakaenda mijini kuomba. Nyinyi mnadhani waliobaki walifanya nini? Walinunua bunduki ingine. Halafu 2006 jeshi likarudi kwa nguvu, wanazunguka manyatta usiku, na hapo watu waliumia vibaya.

Kwetu wazee bado wanahesabu miaka kwa operesheni ya 1984, wanaiita Lotiriri. Jeshi lilikusanya ng'ombe likasema leteni bunduki ndio mpewe ng'ombe, na ng'ombe zikafa kwa boma njaa na kiu. Juzi pia, Februari 2023, serikali yetu ilipatia North Rift, yaani Bonde la Ufa upande wa kaskazini, siku tatu za kurudisha bunduki kabla operesheni ianze, kaunti sita. Siku tatu! Mzee ako na bunduki kwa mlima, anachunga, habari inamfikia siku ya nne.

Sisemi watu wakae na bunduki. Mimi nimezika ndugu wawili, mmoja alikuwa akifuata ng'ombe zilizoibiwa na mwingine alikuwa kwa matatu tu akienda shule kufundisha. Nimechoka. Nataka siku moja nione boma bila bunduki. Lakini ukweli ni kwamba kwetu mtu mmoja hawezi kutoa peke yake, lazima itoke pande zote siku moja, na anayechukua bunduki abaki hapo kulala na watu, asiende. Ndugu wa Bunda hali yako si kama yangu. Jirani yako hana AK ya kuja kukuchukulia ng'ombe kesho yake akisikia umerudisha. Hiyo ni bahati. Mimi ningekuwa na bahati hiyo ningeirudisha hii saa, usiku huu.

Dada_wa_Melbourne:

Naingia kidogo. Huku Australia watu wanapenda kuitolea mfano kwamba wananchi walisalimisha bunduki, na ni kweli ila wengi hawajui vizuri. Baada ya yule mtu kuua watu 35 Port Arthur, Aprili 1996, serikali ilipiga marufuku aina fulani za bunduki, ikazinunua, karibu laki sita na nusu. Zile hazikua hiari, ilikua sheria, ila walilipwa bei ya haki na kodi iliongezwa kidogo kwa muda ili hela ipatikane. Hiari yenyewe ilikuja baadae, 2017 walitoa miezi mitatu ya msamaha, hakuna malipo, watu wakaleta zaidi ya 57,000. Na tangu Julai 2021 msamaha ni wa kudumu, siku yoyote unapeleka.

Mama mmoja jirani yangu hapa ana miaka 80 na kitu, mume wake alipofariki alipeleka raifo yake aliyokua akiwindia sungura ujanani. Nilimuuliza kama iliuma. Akasema iliyomuuma ni kugawa viatu. Bunduki alikua anaiogopa miaka 40 na hajawahi kumwambia mume wake.

Mwana_wa_Pamba umesema mama yako amenyamaza. Muulizeni mkiwa hampo wote, mkiwa wawili tu.

Askari_Mstaafu:

Nimekaa jeshi la polisi miaka 31, nimestaafu, naona kuna jambo moja kubwa mmelipita na ndilo la kwanza.

Ndugu mwandishi, unaandika "silaha ya halali". Ilikuwa halali mikononi mwa marehemu. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba wala ya ukoo, hairithiwi kama shamba. Mzee alipofariki ile bunduki imebaki haina mmiliki anayetambulika kisheria, na kaka yako akiwa anashika funguo ya kabati leo hii tayari yuko kwenye hatari ya kushtakiwa kwa kumiliki bila leseni, hata kama nia yake ni safi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani. Kwahiyo kuitoa hapo nyumbani si jambo la kuchagua, mnachochagua ni itoke vipi na baada ya hapo iende wapi. Kaka akitaka yake aombe kwa jina lake, maombi yaanze serikali ya mtaa, yapite kamati za ulinzi na usalama, wamtazame yeye kama yeye, na muda wote huo bunduki iwe ghalani polisi si kabatini. Kama mnataka iuzwe kwa mtu mwenye leseni, msimamizi wa mirathi alizungumze na polisi hukohuko.

Namna ya kuipeleka: usiibebe. Nasema tena, usiibebe kwenye bodaboda wala daladala wala gari lako. Piga simu kituoni, ongea na mkuu wa kituo, mwambie marehemu aliacha silaha na mnaomba waje kuichukua. Mwenyekiti awepo, mtu mmoja wa familia awepo, kitabu kiwepo. Msiishike, msiifungue kuangalia kama ina risasi, silaha iliyokaa miaka 12 haieleweki. Ikichukuliwa mdai maandishi ya makabidhiano yenye namba ya silaha na idadi ya risasi, na yenye jina la aliyepokea. Hilo ni haki yenu na ni ulinzi wenu, mana silaha isiyo na karatasi huwezi kujua itaonekana wapi miaka mitano ijayo.

Kuhusu tembo. Nimefanya kazi pembezoni mwa hifadhi. Shotgun kwa tembo ni kumjeruhi tu, na tembo aliyejeruhiwa anarudi kuua mtu, sana sana mwanamke anayeteka maji alfajiri. Akifa ndio balaa zaidi, nyara za serikali ni uhujumu uchumi, dhamana utaisikia redioni. Waone askari wa wanyamapori, kuna vijiji wanatumia kurunzi kali, honi, mabomu ya pilipili, wengine wamezungushia mizinga ya nyuki. Ni kazi ya kukesha pamoja, hakuna njia ya mkato.

Mwana_wa_Pamba:

Asanteni sana wote, nimesoma kila mmoja mara mbili. Mzee Mstaafu hilo la leseni sikulijua kabisa, nilidhani kitabu kikiwepo basi.

Naona niseme ukweli wote mana nimeficha kitu na mmenipa muda wenu. Sababu yangu ya kutaka itoke sio wezi wala watoto. Ni kaka mwenyewe. Tangu mwaka jana hayuko sawa. Aliweka hela nyingi kwenye mradi wa samaki wa vizimba ukafa, shemeji akaondoka, alafu mzee ndo akafariki. Wiki ya matanga usiku tumekaa nje wawili akaniambia "mdogo wangu, mimi nimechoka, baba ameniwahi tu". Nikacheka nikabadilisha mada. Najuta ile cheko mpaka leo. Na funguo ya kabati anayo yeye. Nilishindwa kuandika mwanzoni mana nikaona kama namdhalilisha.

Nikimwambia sababu atajua nimeelewa.

Lwamgasa_Boy:

Mkuu nafuta niliyoandika juu. Yote ya nyumbani kwenu nayafuta. Usisubiri kikao cha ukoo wala mirathi, piga simu leo hii, hata kama ni usiku. Na wewe mwenyewe panda gari uende Bunda, usimuache peke yake.

Mi baada ya 2008 nilipitia kipindi kama hicho, hakuna anaejua humu wala nyumbani. Kuna usiku nilimpa rafiki yangu vitu vyangu nikamwambia nitunzie. Hakuniuliza kitu, akachukua akaweka, akaja kulala kwangu wiki nzima tukiangalia mpira. Yule jamaa namuombea dua kila siku.

MamaNeema:

Muulize wazi mdogo wangu. Usizunguke. "Kaka, ile siku uliniambia umechoka, ulikua unafikiria kujitoa uhai?" Kumuuliza hakumtii wazo, wazo analo tayari, ila linamwonyesha kuna mtu alisikia. Nafanya kazi zahanati, tunawauliza watu hivo kila wiki na wengi wanashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Alafu mpelekeni hospitali ya wilaya akaonane na daktari, huzuni ya hivo inatibika. Na kuhusu kumdhalilisha, hapa hatumjui, wala hatutamjua.

Kacheliba254:

Ndugu, enda. Sisi tuko hapa tunakungoja urudi utuambie.

Mwana_wa_Pamba:

Nimerudi wadau, siku ya nne leo. Nipo Bunda.

Nilifika saa sita usiku, nikamkuta kaka amekaa nje palepale. Nilimuuliza kama MamaNeema alivosema, maneno yaleyale mana mengine sikua nayo. Alikaa kimya muda mrefu sana, nikadhani atanipiga. Akasema ndio. Akasema usiku mwingine anaamka anaenda kushika mlango wa kabati anarudi. Tukalia wote kama watoto. Alafu akavua funguo mwenyewe akanipa, sikuiomba. Nikampelekea mama, mama akaifunga kwenye pindo la kanga yake akasema yeye alishaona siku nyingi anavoamka usiku, na yeye ndo amekua halali.

Asubuhi tukapiga simu, mkuu wa kituo akatuma askari wawili, mwenyekiti akaja. Hatukuulizwa kama wahalifu, waliuliza tu msiba ulikua lini wakatoa pole. Kaka ndo aliyesaini upande wa familia, alitaka mwenyewe. Hajasema lolote kuhusu heshima ya mzee. Kesho tunaenda hospitali, mimi na yeye, amekubali ila anasema tusimwambie mtu pale kijijini, sawa.

Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua. Kitabu cha mzee kinaonyesha risasi 25, kabatini tumehesabu na askari zimekutwa 22. Kwenye karatasi wameandika 22. Mama hajui, kaka anaapa hajawahi kugusa boksi. Mzee Mstaafu hili linaweza kutuletea shida?

Askari_Mstaafu:

Umefanya vema sana kijana wangu.

Hizo tatu usizifiche na usizibunie hadithi. Rudi kituoni uandikishe kwamba kitabu kinasema 25 na zimekutwa 22, familia haijui zilipo, inawezekana marehemu alizitumia hakuandika, wazee wengi walikuwa hivyo. Kisha leo hii, kabla hamjaenda hospitali, pekueni mifuko ya makoti ya mzee yote, droo, na kwenye lile begi alilokuwa anasafiria na pamba. Mkizipata msiziguse, piga simu tena. Na atakayepekua awe wewe na dada yako au mama, kaka yako apumzike.

Mwana_wa_Pamba:

Sawa mzee. Dada anafika jioni na basi la Dodoma, tunaanza na makoti.